Je, mjomba wako bado anakojoa?

Mwanangu Neema,

Ujumbe wako wa usiku niliusoma asubuhi, nikausoma tena niliporudi kutoka soko la Kadutu. Unauliza: mjomba wako anafanya dialize mara tatu kwa juma huko Lubumbashi, saa nne kila mara, damu inapita mashineni na kurudi safi, basi kwa nini daktari alizungumza zaidi juu ya moyo na mishipa kuliko figo?

Hilo neno "safi" ndilo linalotudanganya. Mashine inatoa maji yaliyozidi, potasiamu, na uchafu mdogomdogo ulioyeyuka kama urea. Lakini kuna sumu zisizoelea peke yake. Zimeng'ang'ania albumini, protini kubwa ya damu, kama kupe kwenye ng'ombe. Tundu za kichujio zimefanywa ndogo makusudi ili albumini isipotee, maana mwili unaihitaji. Ng'ombe hapiti mlangoni, na kupe wake wanabaki naye. Figo nzima hufanya kazi ya mkono: seli za mirija yake huwabandua kupe hao na kuwatupa kwenye mkojo.

Mojawapo ya sumu hizo inaitwa indoksili salfeti. Bakteria wa utumbo mpana hula mabaki ya protini na kutoa indoli, ini huigeuza, damu huibeba. Mimi na wewe tunaitengeneza kila siku na kuikojoa bila kujua.

Sasa mishipa. Kwa ndani, kila mshipa umetandikwa seli zilizolala safu moja tu. Utando huo hutoa gesi kidogo sana, oksidi ya nitriki, inayolegeza mshipa na kuzuia damu isigande ukutani. Waliogundua kazi yake walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1998. Sumu ikijaa, seli zinaanza kutoa oksijeni kali inayoiharibu gesi ile kabla haijafanya kazi. Mshipa unakaza, tansio (shinikizo la damu) inapanda, chembe nyeupe zinajibandika ukutani, damu inakuwa rahisi kuganda. Nyuma ya utando, misuli ya mshipa inaanza kushika chokaa kama mfupa, hasa fosfati ikizidi. Moyo unabaki kusukuma damu katika mabomba magumu. Daktari alikuwa anakueleza hatari iliyo mbele: wagonjwa wengi wa figo huondolewa na moyo.

Kuna jaribio moja haliniachi. Mwaka 2004 watafiti wa Marseille, Ufaransa, walikuza seli za utando huo katika vyombo, wakazikwaruza, kisha wakaweka indoksili salfeti. Jeraha lilichelewa kuziba. Na seli zenyewe walizitoa wapi? Kwenye mshipa wa kitovu cha watoto wachanga. Mwanangu, nimekata vitovu miaka 26 na kuvitupa, kumbe ndani yake kulikuwa na utando uleule unaoumia kwa mdogo wangu.

Kuhusu chakula, nimesikia mmemnyima nyama, mayai na hata sambaza, wale samaki wadogo, kwa sababu sumu inatokana na protini. Msifanye hivyo. Aliye kwenye dialize anahitaji protini zaidi kuliko alivyohitaji kabla yake, kwani mashine nayo inamla. Muulizeni daktari kipimo chake. Tumbo lisifunge, kwa maana mabaki yakikaa sana utumboni bakteria wanapata muda zaidi. Lakini dawa ya kulifungua itoke kwa daktari, si kwa mwuza mizizi.

Ule unga wa makala (makaa) aliouziwa, uacheni. Wajapani wana dawa ya kaboni maalumu ya kunasa indoli utumboni, lakini jaribio kubwa lililotangazwa mwaka 2015 halikuonyesha kwamba inachelewesha ugonjwa. Na makala hunasa hata vidonge vyake vya tansio.

Jambo ninalokuomba ulishike ni hili. Juma lina saa 168, mashine inafanya kazi 12. Saa zote zilizobaki, kama figo zake bado zinatoa mkojo, hata kikombe kimoja kwa siku, figo hizo kuukuu zinaendelea kubandua kupe ambao mashine haiwawezi. Watu wanaudharau mkojo ule kwa sababu "ameshaanza dialize". Mimi ningeulinda kama mboni ya jicho. Asichomwe sindano ya diklofenaki mgongo ukimuuma, asinunue ibuprofeni dukani, asinywe dawa za miti. Mimi mwenyewe nilimpa diklofenaki miaka ile alipokuwa na tansio, bila kuwaza kupima mkojo wake. Hilo linaniuma mpaka leo.

Kesho asubuhi mpe chupa safi yenye alama za mililita. Akusanye mkojo wote hadi asubuhi inayofuata, uandike kiasi, umpelekee daktari. Kisha nipigie uniambie ni ngapi.

Mama yako,
Bukavu