Baba alipigwa na AVC (kiharusi), sasa bega linamuuma

SWALI: Jambo Mama Anfirmye (muuguzi). Baba yetu alipigwa na AVC, upande wa kuume wote ulilegea na maneno hayatoke tena. Hopitali walimuruhusu, tuko naye nyumbani. Kine, ule wa mazoezi ya mwili, anakuyaka mara mbili kwa juma, siku zingine ni sisi tu. Bega linamuuma sana, akikunywa maji anakohoa, na shangazi anasema tumukande na maji ya moto kabisa ili damu itembee. Tufanye nini? (Binti mukubwa, Kadutu, Bukavu)

JIBU: Jambo binti, pole na mzee. Nianze na bega, juu njo linaniambia vile munamuinuaka. Moja anashika mukono, mwingine anashika kiuno, haya, hop! Misuli yenye ilikuwa inabeba lile bega imelegea, ukivuta kidogo tu mufupa unaanza kutoka fasi yake na hayo maumivu yanaweza kukaa miezi mingi. Kuanzia leo hakuna wa kumuvuta mukono wala kumubeba kwa makwapa. Mulaze kwanza kwa ubavu, shusha miguu kando ya kitanda, kisha musukume pole pole mugongoni mupaka akae. Akiwa kwenye kiti, mukono ukae juu ya muto, usining'inie. Na shati: mukono mugonjwa unaingia wa kwanza, kwa kuvua unatoka wa mwisho.

Maji ya moto, hapana. Ule upande pengine hausikie tena moto, mutamuunguza na hatasema hata aï. Kumupakaa mafuta pole pole ni sawa, shangazi asikasirike.

Lakini kile kinanitisha zaidi ni kukohoa. Maji yanaweza kuwa yanapita njia ya mapafu, na bagonjwa wengi wa AVC njo fasi wanaharibikiaka. Murudishe kwa muganga aangalie vile anameza, na mukingojea, musimupe kitu akiwa amelala: akae wima, kidevu chini kidogo, kijiko kidogo, ameze kwanza ndipo kingine kije. Mara nyingi uji muzito unapitaka vizuri kuliko maji. Fufu munampa matonge ya kawaida? Kata ndogo ndogo, na akimaliza angalia ndani ya shavu la kuume juu chakula kinabakiaka pale bila yeye kujua, kisha abaki amekaa karibu nusu saa. Akipata homa ao sauti ikawa ya majimaji, usingojee kesho.

Kuongea: hajawa kiziwi wala mujinga, musimupigie kelele. Muulize maswali ya ndiyo na hapana, umungojee. Akilia, mumuache alie.

Akiwa kitandani mumugeuze kila masaa 2, hata usiku, mupange zamu na bakaka zako maana najua hii kazi inaangukiaka binti peke yake. Siku kine hayuko, fanyeni mazoezi yenye aliwaonyesha, juu miezi 3 ya kwanza njo mwili unarudishaka nguvu haraka zaidi. Pale Heri Kwetu, kile kituo cha Bukavu, pia wanashughulika na watu wenye ulemavu, piteni muulize. Akianza kutembea, fimbo ikae mukono wa kushoto, na kwa hizo ngazi zenu za Kadutu, kupanda muguu muzima unatangulia, kushuka ni ule mugonjwa, na wewe unasimama chini yake.

Na dawa ya tansiyo asiache hata akijisikia muzima.