Kepteni, ukizidiwa usitoe timu uwanjani

Jamani leo naongea na makepteni na makocha wa kriketi ya vijana, maana kuna kosa nimeshalifanya mwenyewe na sitaki mwingine alirudie.

Miaka kadhaa nyuma nilikuwa kepteni wa timu yetu hapa Dar, mechi ya kirafiki tu ya Jumapili, tukapigwa vibaya mno. Kuna dogo wa timu pinzani alikuwa ameshafika mikimbio 91, yaani pointi zake za kupiga, mabola wangu, wale warusha mpira, hoi, jua linachoma, mpira ukienda kwenye nyasi hakuna hata wa kuukimbilia. Tulivyotoka kunywa maji nikawaambia wenzangu fungeni mabegi twende, nikamfuata mwamuzi nikamwambia tumekubali kushindwa. Yule dogo alibaki kasimama katikati ya uwanja, glavu hajavua, beti kaiegemeza mguuni, anatutazama tunavyopakia vitu kwenye gari. Hakusema neno. Ile sura yake mpaka leo ninayo.

Baadaye sana ndio nikaja kusoma habari za B.B. Nimbalkar, mpigaji wa kriketi wa India wa zamani, na nikajiona mimi mle ndani, upande mbaya wa stori.

Huyu bwana alizaliwa Kolhapur mwaka 1919. Desemba 1948, siku chache tu baada ya kutimiza miaka 29, timu yake ya Maharashtra ilicheza na Kathiawar kule Poona (siku hizi Pune), mechi ya Ranji Trophy, mashindano ya timu za majimbo ya India. Kathiawar wakatolewa wote kwa 238. Nimbalkar akaingia kupiga, na alipoingia ndio basi tena, yeye na Kamal Bhandarkar peke yao waliweka 455 kabla Bhandarkar hajatoka na 205 zake. Mpaka chakula cha mchana siku ya tatu Maharashtra wana 826 kwa wiketi 4, yaani wapigaji wanne tu ndio wametolewa, na Nimbalkar ana 443, bado hajatolewa. Rekodi ya dunia ya mikimbio ya mtu mmoja katika zamu moja wakati huo ilikuwa ya Don Bradman wa Australia, 452, aliyoiweka Sydney mwaka 1930. Kwa hiyo bado mikimbio 9 aifikie, 10 aivunje. Ova mbili tatu hivi (ova moja ni mipira sita), mambo yameisha.

Kepteni wa Kathiawar, aliyekuwa Thakore Saheb, yaani mtawala, wa Rajkot, akagoma. Timu yake haikurudi uwanjani, mechi ikaishia hapo kwenye chakula. Mimi naelewa kabisa alichokuwa anakiogopa, maana na mimi nilikiogopa kilekile, jina la timu yangu kuandikwa kwa aibu kwenye rekodi ya mtu mwingine. Ila angalia, ile aibu imeandikwa hivyohivyo, na imeongezeka kwamba walikimbia.

Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kepteni, waambie wachezaji wako kabla ya mechi, sio katikati mmeshalowa jasho na hasira, kwamba leo tutacheza mpaka mwamuzi aseme imetosha. Mabola wakichoka mpe mpira yule ambaye huwa harushi kabisa, mwache ajaribu. Na mtu wa upinzani akikaribia 50 au 100 wewe ndio uwe wa kwanza kuwaambia vijana wako, ili wakazane kumtoa kihalali au wampigie makofi akifika.

Na wewe uliyekatishwa, sikiliza hii, maana hapa ndipo Nimbalkar anaponigusa zaidi. Msimu uleule West Indies walikuwa wapo India wanacheza mechi za Test, zile kubwa za timu za taifa, na yeye hakuitwa, na hakuitwa maisha yake yote, hata Test moja. Mtu ana 443! Na sio kwamba alibahatisha siku moja, kabla ya hapo alikuwa timu ya Holkar pamoja na C.K. Nayudu, kepteni wa kwanza wa India kwenye Test, na ile mechi Holkar walipopiga 912 dhidi ya Mysore watu sita walipita mia moja na yeye ndiye alikuwa juu yao wote kwa 172. Lakini hakuacha. Aliendelea kucheza mpaka miaka ya 60, timu hii na ile, hadi Railways, timu ya shirika la reli, akamaliza na mikimbio 4,841 katika mechi 80, wastani karibu 48. Amefariki Desemba 2012, kesho yake ndio angetimiza miaka 93, na mpaka leo hakuna Mhindi aliyepita zile 443 katika kriketi ya daraja la kwanza, yaani mechi kubwa za siku tatu au zaidi.

Yule dogo wangu nilimtafuta nikamwomba radhi, akanijibu vizuri tu, ila 91 ilibaki 91, hiyo siwezi kumrudishia.

Mwaka jana tulipigwa tena, nikiwa kocha sasa. Kijana mmoja wa wale wenzetu ana 96, vijana wangu wakaanza kunitazama nilipokaa kwenye benchi, nikawaonyesha kwa mkono rudini kwenye nafasi zenu. Akafika 100, akaongeza 7, akatolewa na mtoto wetu ambaye siku hiyo ndio alikuwa anarusha kwa mara ya kwanza.