Jeni za ribosomu kuongezeka kwenye mchuzi wenye lishe: usitupe data zako

Ndugu, unasema bakteria wako wa E. coli waliokuzwa kwenye mchuzi (kimiminika cha kukuzia bakteria) wenye lishe nyingi wameonyesha jeni nyingi zaidi za RNA ya ribosomu (mashine ya seli ya kutengeneza protini) kwa kila seli kuliko wa mchuzi hafifu, ukahisi sampuli zimechafuka. Kama kipimo chako tupu, kisichotiwa sampuli, kilitoka safi, sidhani. Bakteria huyu ana seti 7 za jeni hizo, nyingi zikiwa karibu na mahali DNA inapoanza kunakiliwa. Kunakili kromosomu nzima huchukua kama dakika 40, ilhali kwenye lishe nzuri seli hugawanyika kila dakika 20 hivi. Duru mpya ya kunakili huanza ya zamani haijaisha, basi jeni za karibu na chanzo huwa nyingi kuliko za mwishoni.

Pima jeni moja ya chanzoni na nyingine ya mwishoni, ulinganishe uwiano. Vuna seli zikiwa bado zinakua kwa kasi, uzitie kwenye barafu papo hapo.

Ukihamia hamira, mambo ni mengine kabisa: ina nakala kama 150 mfululizo kwenye kromosomu ya 12, na idadi hiyo hubadilika kati ya koloni (kundi la seli zilizotokana na seli moja) na koloni. Linganisha koloni kadhaa. Na kabla hujageuza nakala za jeni kuwa hesabu ya seli, mwone mtaalamu wa takwimu za kibiolojia.