Mchuuzi wa usiku mpeni nafasi, na taa muwashe

Wiki hii mmetuuliza tufanye nini ili katikati ya miji yetu pawe salama, pachangamke na pasimamiwe vizuri. Mimi niko Jinja, Uganda, na jibu langu ni moja tu, muacheni anayekaanga roleksi (chapati iliyoviringishwa na mayai) usiku afanye kazi yake, ila mpangieni mahali na mumuwekee taa.

Jamani angalieni wenyewe saa tatu usiku. Mtaa wenye chapati, muchomo (nyama choma) na steji ya boda, dada anayetoka kazini anapita bila wasiwasi maana kuna macho ya watu pale, akiguswa kuna wa kupiga kelele. Mtaa wa pili maduka yamefungwa, hata mwanaume mzima anaukwepa. Kamera nazo zipo, serikali ilianza kuzifunga kwa wingi baada ya Kaweesi, afisa mkubwa wa polisi, kuuawa 2017, sizikatai, ila kamera inarekodi tu haiji kukuokoa mtu akishakushika shingo.

Pale Main Street majumba ya zamani yalijengwa na Wahindi, duka chini, familia juu, kwa hiyo usiku palikuwa na mtu dirishani, watoto barazani. Amin akawafukuza 1972 na siku hizi huko juu naona zaidi ofisi na stoo, jioni wanafunga wanaenda zao. Ukiniuliza mimi, hilo limetuumiza kuliko upungufu wa polisi, na jiji lingeweza kumpunguzia kodi mwenye jumba anayerudisha wapangaji wa kulala.

Kampala mwezi wa kwanza 2022 KCCA, mamlaka ya jiji, iliwaondoa wachuuzi barabarani, na mwezi huohuo, tarehe 24, kafyu ya korona iliyodumu karibu miaka miwili ikaisha. Yaani usiku unafunguliwa, na wale ambao wangeuchangamsha wanafukuzwa! Inaniuma mpaka leo, mama mwenye beseni la ndizi anakimbizwa kama mwizi.

Mwenye duka naye ana haki yake, analipa pango, analipa leseni, halafu mtu anamtandikia turubai mlangoni, lazima akasirike. Ndo maana nasema tugawane saa: mchana baraza ni ya duka, kuanzia saa kumi na mbili jioni mchuuzi aingie, nafasi yake imechorwa chini na ina namba, akimaliza anafagia. Ushuru anaotoa aone umerudi kwake kwa pipa la taka na choo kinachofunguliwa usiku, maana wanawake wanaouza mpaka usiku mwingi wanateseka sana na hilo la choo halafu hakuna anayelisema.

Na chameni, yaani mwenyekiti, wa steji ya boda msimsahau, yeye anawajua vijana wake wote kwa sura na kwa namba ya pikipiki, mgeni akijichomeka pale anamuona mara moja. Jiji likae naye kila mwezi pamoja na LC1 (viongozi wa kijiji au mtaa), wenye maduka na wachuuzi, na taa ikizimika pawe na mtu mmoja anayejulikana kwa jina wa kupigiwa simu.