Maswali ya Wasomaji: Skwati imeshuka tangu ninunue baiskeli

SWALI: Habari za kazi. Nina miaka 34 na kilo 92, nabeba vyuma siku nne kwa wiki. Mwezi wa nne nilinunua baiskeli ya mbio ya mtumba. Sasa kila Jumapili alfajiri nakunywa chai ya rangi, natoka Tegeta kuelekea Bagamoyo, kwenda na kurudi kilomita 70. Jumatatu ni skwati (kuchuchumaa na kuinuka na chuma mabegani), seti tano. Nilikuwa napiga kilo 140, leo 125 inanilemea, na goti la kushoto linauma kwa mbele. Wenzangu wa jimu wanasema baiskeli inakula misuli, niiuze. Ni kweli? – Msomaji, Tegeta

JIBU: Usiiuze. Kinachokula skwati yako ni hiyo Jumatatu. Saa tatu barabarani na chai tupu tumboni zinamaliza akiba ya wanga kwenye mapaja, na kesho yake unayadai mapaja hayohayo yainuke na chuma kizito. Wenzako hawakuokota maneno jalalani: mwaka 1980 Robert Hickson, mtafiti wa Marekani, aliwapa watu mazoezi ya nguvu siku tano na ya pumzi siku sita kwa wiki. Nguvu zao zilipanda hadi wiki ya saba hivi, zikagota, kisha zikaanza kushuka. Lakini hivyo ni vipindi 11 kwa wiki. Wewe una vitano.

Skwati ihamie Jumatano. Jumatatu piga kifua na mabega. Seti ziwe tatu za marudio matano, ila uzito uendelee kuwa mkubwa. Nguvu hutunzwa na seti chache nzito. Nyepesi nyingi zinakuchosha tu. Anza na kilo 115, ongeza 2.5 kila wiki maadamu rudio la tano halitetereki. Dedilifti (kuinua chuma kutoka sakafuni) Ijumaa, seti mbili zinatosha, kwa sababu Jumapili mgongo wa chini utakaa umeinama saa tatu. Ukitaka mbio fupi za kasi, ziweke Jumatano hiyohiyo: chuma asubuhi, baiskeli jioni. Ukizipeleka Alhamisi, miguu inakosa siku ya kupumzika.

Goti kuuma mbele mara nyingi ni kiti kilichoshuka mno. Simama peku ukutani, bana kitabu kati ya mapaja hadi juu kabisa, pima kutoka sakafuni hadi ukingo wa juu wa kitabu, zidisha kwa 0.883. Ukipata sentimita 84, basi kutoka katikati ya ekseli ya kranki, pale mikono ya pedali inapozungukia kwenye fremu, hadi juu ya kiti pawe 74 hivi. Pandisha milimita tano kwa safari, si zote kwa mkupuo. Goti likianza kuuma nyuma, umepitiliza.

La pili ni gia. Mtu wa vyuma hupenda kukanyaga gia nzito polepole, kwa kuwa anaweza. Hesabu goti la kulia linavyopanda kwa sekunde 15: zikiwa 14, shusha gia hadi zifike 20 au 21. Likivimba au kukwama, muone daktari.

Na ule! Chapati mbili kabla ya kutoka, kisha ndizi mbivu mbili kwa kila saa, sawa na gramu 50 hivi za wanga. Protini kwa kilo zako ni kama gramu 145 kwa siku. Yai moja lina sita tu, kwa hiyo usiyategemee peke yake, tia samaki na maharage.

SWALI: Nina kilo 104, naenda jimu kwa baiskeli. Spoki za nyuma zinakatika kila baada ya wiki mbili, upande wa gia. Fundi anabadilisha moja, inakatika jirani yake. – Msomaji, Mombasa

JIBU: Zilizobaki zimelegea na zimechoka. Spoki iliyolegea hucheza kila gurudumu linapozunguka, mwisho inakatika pale kwenye kiwiko, ilipopinda ili kuingia habuni (kitovu cha gurudumu). Zikishafika tatu, mwambie fundi abadilishe za upande huo wote, azikaze kidogokidogo kwa mzunguko, asikaze moja kwa nguvu ili tu rimu inyooke. Kabla hujamlipa, zigonge kwa ukucha moja moja: za upande mmoja zitoe mlio unaokaribiana. Inayotoa mlio mzito kuliko wenzake, mrudishie.