Kazi ya dawa za kansa kwa kampuni: sanasana ni kukataa

Kuna mdogo wetu wa Maseno ameuliza hapa, anasoma bayokemia, anataka kujua kama utafiti wa dawa za kansa kwa kampuni ni kuvumbua tu ama kuna nini hasa. Mimi nilifanya hiyo kazi miaka kadhaa Boston kabla nirudi Kisumu, wacha nijibu, mnivumilie nikienda mrefu.

Kwanza toa hiyo picha ya kuvumbua kwa kichwa. Wakemia wanakuletea molekuli mpya kila mara, na wewe wa bayolojia kazi yako ni kuzitafutia sababu ya kutupwa mapema kabla hazijala pesa ya watu. Unachukua pleti ya plastiki ya vishimo 384, unaweka seli za kansa, unaweka dawa kwa vipimo vinavyoshuka, unaziacha kwa inkubeta nyuzi 37 siku tatu, halafu mashine inakuonyesha ni ngapi ziko hai. Lakini kando yake lazima kuwe na pleti ya seli ambazo hazitegemei ile protini unayolenga. Seli za pleti zote mbili zikikufa sawasawa hapo huna dawa ya kulenga, una sumu tu. Tupa, hata kama mkemia amenuna.

Mfano ninaopenda ni imatinib, wengine mnaijua kama Glivec. Kwa ile kansa ya damu inaitwa CML, vipande vya kromosomu 9 na 22 vimebadilishana, hiyo Janet Rowley aliionyesha 1973, na hapo kunatokea protini BCR-ABL ambayo ni kama swichi imekwama ikiwa imewaka, seli nyeupe zinazaana tu. Watu wa kampuni ya dawa ya Ciba-Geigy kule Basel, Uswisi, kina Lydon na Zimmermann, walikuwa na molekuli iliyokuwa inashika pia enzaimu ingine inaitwa PKC. Wakaongeza methili moja, yaani kaboni moja na haidrojeni zake tatu, ikaachana na PKC. Ikabaki haiyeyuki vizuri, wakaiwekea pete ya atomi inaitwa piperazini, sasa mtu akaweza kumeza tembe. Maze, methili moja! Daktari Brian Druker wa Oregon, Marekani, akasukuma mpaka wagonjwa wakaanza kujaribiwa 1998, na kati ya 54 waliopewa miligramu 300 kuenda juu, 53 hesabu ya damu yao ilirudi sawa. Mei 2001 Marekani wakaipitisha.

Sasa usidhani kansa zote ziko hivyo. CML mwanzoni inategemea kitu kimoja, nyingi za mapafu ama utumbo ukiziba njia moja zinapitia ingine. Na hata CML yenyewe ina ujanja, inabadilisha asidi amino moja tu, yaani kijenzi kimoja cha ile protini, pale namba 315 na imatinib haiingii tena, ndio watu wakarudi mezani wakatoka na dawa ingine, ponatinib.

Kitu kingine, kwa kampuni molekuli inaweza kufaulu kila kipimo na bado izikwe juu washindani wako mbele na wakubwa wameamua pesa iende kwingine. Niliona hiyo. Unaenda lanchi, kesho unapewa shabaha ingine, yaani protini ingine ya kulenga. Kama moyo wako hauwezi hiyo, baki chuo.

Na hiyo kukataa haiishi labu. Hapa Kondele watu wananiuliza kama shangazi mwenye kansa ya matiti anaweza kuanzishiwa trastuzumab, dawa inayolenga protini inaitwa HER2. Nawauliza, HER2 imepimwa? Kama kwa mgonjwa mmoja kati ya watano hivi ndio inakuwa juu, wengine hiyo dawa itawasaidia nini? Na kile kipande cha uvimbe kilichokatwa cha kupima kisiachwe kwa fomalini, ile dawa ya kukihifadhi, wiki mbili kikingoja mtu wa kukipeleka, inatakiwa masaa 6 mpaka 72, zaidi ya hapo majibu hayaaminiki.

Mdogo wangu, ukimaliza digrii usikimbilie kuomba kazi za ng'ambo. Tafuta mwalimu mwenye seli hai akufunze kuzilisha bila kuziingiza bakteria, na ukae chini na takwimu, hizo somo mnaruka. Kwa intavyu wataweka grafu mbele yako wakuulize kontroli, yaani ile pleti ya kulinganisha, iko wapi.