Gari la Baba Lina Viti Viwili, Nasi Tu Watano

Wiki mbili zilizopita, saa kumi na mbili asubuhi, tulilitoa gari la marehemu baba uani kwetu Mombasa, tukalivusha daraja la Nyali na kulipeleka mpaka Malindi, mwendo wa kilomita 120 hivi, bila kuzimika hata mara moja. Ni Datsun 240Z ya mwaka 1972, na tangu 1994 lilikuwa halijatoka nje ya mji. Nimepokea salamu nyingi tangu siku hiyo, lakini ujumbe ulionifanya nikae kitako niandike ni wa msomaji wa Tanga, ambaye yeye na dada zake wawili wameachiwa gari la mbio la zamani na baba yao, naye anauliza ni injini gani ya kisasa inayolifaa. Miaka sita iliyopita kijana wangu aliniuliza swali hilo hilo, na jibu nililompa lilimtoa nyumbani kwa miezi minane.

Kwa watu wa rika la baba, jina la 240Z halikuhitaji maelezo. Mwaka 1971 Edgar Herrmann na Hans Schüller walishinda mbio za magari za East African Safari Rally kwa gari la aina hiyo, na nafasi ya pili ikachukuliwa na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, naye pia akiendesha 240Z. Mwaka 1973 ikawa zamu ya Mehta mwenyewe kushinda, akiwa na Lofty Drews kando yake, baada ya kulingana kwa alama za adhabu na Harry Källström aliyekuwa katika Datsun ya aina nyingine. Ushindi uliamuliwa kwa kutazama ni nani aliyekwenda mbali zaidi kabla ya kupata adhabu ya kwanza. Baba, aliyekuwa fundi mitambo katika bandari ya Kilindini, aliyafuata yote hayo redioni. Mwaka 1981 alipomsikia mfanyabiashara mmoja aliyekuwa akihama na kuuza gari lake, aliuza shamba dogo la minazi ili alinunue. Mama hakulisahau shamba hilo.

Gari lilisimama 1994 chini ya mwembe, kwa sababu ada zetu za shule zilikuwa zimetangulia mbele ya kila kitu, na baba akafariki 2014 akiwa bado anasema kwamba mwakani ataliwasha. Ami yangu alimleta mnunuzi wa vyuma chakavu kabla arobaini haijaisha. Maneno tuliyoambiana siku ile bado yananiuma, na sidhani kwamba nitayasahau, lakini gari lilibaki.

Kijana wangu alikuwa na umri wa miaka 19, akijifunza ufundi katika gereji moja huko Changamwe, alipokuja na pendekezo la kuiondoa injini ya gari na kuweka injini ya 1JZ yenye turbo, yaani kifaa kinachoisukumia hewa zaidi, iliyotoka katika Toyota Mark II. Hoja zake zilikuwa nzuri kuliko nilivyotaka kukubali wakati ule. Injini ya asili, L24, ina silinda sita na ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, na kiwanda kiliitaja kuwa na nguvu za farasi 150 hivi. Ile aliyoitaka ilitajwa kuwa na 280. Zaidi ya hayo, alisema, vipuri vya 1JZ hupatikana katika kila gereji ya mji huu, ilhali vya L24 ni vya kuagizwa kutoka nje na kungojewa. Badala ya kumjibu hoja kwa hoja, nilimwambia mbele ya dada yake, «Gari hili si lako.» Kesho yake alipanda basi akaenda Nairobi kwa mjomba wake.

Mke wangu alingoja nipoe, kisha akaniambia, «Wewe unataka kaburi la baba yako, mwanao anataka gari.» Nilikasirika kwa siku kadhaa kwa sababu nilijua kwamba ni kweli. Nilipompigia simu kijana, nilimwomba radhi kwanza, ndipo nikamweleza jambo ambalo binti yangu alikuwa amelibuni, nalo ndilo ninalotaka kukupa wewe wa Tanga kabla ya ushauri wowote wa spana. Tulinunua daftari la shule. Kila badiliko linaloligusa gari huandikwa humo pamoja na sababu yake na bei yake, na halifanywi mpaka wote watano tumetia sahihi: mimi, mke wangu, watoto wawili, na mama, ambaye huandika jina lake kwa herufi za Kiarabu kama alivyofundishwa katika chuo cha Kurani akiwa mtoto. Katika ukurasa wa kwanza tuliandika swali moja la kupimia kila kitu: je, kitu hiki kikibaki kama kilivyo, kinaweza kutuua au kutuacha njiani? Kikiweza, kibadilishwe kwa kilicho bora zaidi cha leo. Kisipoweza, kibaki kama baba alivyokiacha.

Swali hilo ndilo lililotuonyesha kwamba tulikuwa tukigombana kuhusu injini ilhali breki zilikuwa za kutuua. Gari lilitoka kiwandani likiwa na sahani za breki mbele na ngoma nyuma, na lilipokuwa jipya, likiwa na uzito wa zaidi kidogo ya tani moja, zilitosha. Fikiria basi kuliongezea farasi 130 juu ya breki hizo. Ndugu yangu, anza na breki. Katika pwani hii iliyojaa Toyota Hilux, tulifurahi kujua kwamba kalipa, yaani vibanio vya sahani za breki, zenye pistoni nne za Hilux 4x4 za mwanzoni mwa miaka ya 1980 hufungwa katika matundu yale yale ya bolti ya 240Z, kazi ya ziada ikiwa ni kulikata au kulikunja bati la kukinga vumbi. Tuliweka masta silinda, yaani pampu kuu ya breki, kubwa zaidi, tukabadilisha mipira yote ya breki, na kijana wangu akazitoa hewa breki hizo mara nne hadi akaridhika. Siku niliyoijaribu kanyagio ile kwa mara ya kwanza nilisimamisha gari, nikashuka, nikamkumbatia.

Kabla ya breki, lakini, tulipata hasara ambayo sijaimaliza moyoni. Tulimpelekea bodi fundi mmoja aliyesifiwa sana, tukamlipa shilingi 180,000 za Kenya, naye akaturudishia gari linalong'aa. Baada ya miezi mitano rangi ilianza kutoa malengelenge. Tulipokwangua tulikuta puti, ule udongo wa kuzibia mabonde ya bodi, yenye unene wa kidole juu ya kutu iliyokuwa hai, na sehemu nyingine haikuwa na bati kabisa. Mtu huyo alijua alichokuwa akikifanya, kwa maana alikuwa ameipiga msasa puti hiyo kwa ustadi mkubwa mno kuweza kuitwa uzembe. Tangu siku hiyo natembea na sumaku ndogo mfukoni, kwa kuwa sumaku haishiki puti, na nakusihi nawe ufanye hivyo kabla ya kumlipa yeyote.

Kutu ya pwani ni ya kupiganwa nayo ana kwa ana. Chumvi ya bahari huingia kila mahali, na 240Z ina mahali pake pa kuozea: chini ya betri, katika mihimili iliyo chini ya sakafu, katika vizingiti vya milango, na katika ule mfereji ulio chini ya kioo cha mbele ambao hupokea maji ya mvua. Mfereji wetu ulikuwa umezibwa na majani ya mwembe ya miaka ishirini, yaliyogeuka udongo mweusi, na maji yaliyokosa njia yalikuwa yameshukia sakafuni. Tulikata yote yaliyooza kwa mikono yetu. Kijana alichomelea bati jipya, mimi nilisaga, mke wangu akapaka rangi ya kuzuia kutu ndani ya mihimili kwa brashi aliyoifunga kwenye ufito. Kazi hiyo ilitula mwaka mmoja na miezi mitatu, karibu kila Jumamosi, na ndiyo iliyonirudishia mwanangu, kwa sababu watu wawili waliolala chali chini ya gari moja hawawezi kuendelea kununiana.

Umeme ulikuwa wa binti yangu, anayeusomea, ingawa naona haya kusema kwamba mwaka wa kwanza hatukumwuliza lolote. Yeye ndiye aliyetuonyesha kwamba katika gari hili umeme wote wa taa kubwa hupita katika swichi iliyo kwenye usukani, bila rilei, yaani swichi ya pili ya kubeba umeme mkubwa, ndiyo maana swichi ya baba ilikuwa imeyeyuka na kisanduku cha fyuzi kubadilika rangi. Aliweka rilei karibu na taa, akavuta waya mnene kutoka kwenye betri ukiwa na fyuzi yake, na swichi sasa hubeba umeme mdogo tu wa kuamrisha. Altaneta, mtambo wa kuzalisha umeme wa gari, aliibadilisha pia, akachagua yenye kidhibiti umeme chake ndani. Alikataa taa za LED za kubandika tu katika vioo vya zamani, akieleza kwamba mwanga wake husambaa ovyo na kumpofusha anayekuja mbele, na taa za halojeni zenye waya mzuri zikatosha. Usiku wa kwanza tulipowasha, ukuta wa jirani uliangaza kama mchana, naye alisimama mbele ya boneti amekunja mikono, hakusema neno.

Habari za rangi, mazulia na viti sina haja ya kuzirefusha. Mikanda ya viti tuliweka mipya, ya kujivuta yenyewe. Dashibodi imepasuka kwa jua, nayo imebaki na nyufa zake, kwa kuwa nyufa hazimwui mtu.

Injini, basi, ambayo ndiyo uliyoniuliza. L24 ilibaki. Binamu yangu aishiye Sharjah alitutafutia distribyuta, kifaa kinachogawa umeme wa cheche kwa plagi, ya Datsun 280ZX, yenye mfumo wa kielektroniki, na pointi zile za kukatia umeme huo zilizomtoa baba jasho kila mwezi zikaondoka. Radieta tuliweka ya aluminiamu. Kabureta mbili za Hitachi tulizifungua, tukazisafisha na kuzisawazisha, na mipira yote ya petroli ikabadilishwa, kwa sababu katika injini hii kabureta zimekaa upande ule ule wa bomba la moshi, juu yake hasa, na mpira uliopasuka hudondosha petroli kwenye chuma cha moto. Kizima moto kipo nyuma ya kiti, na ukurasa wake daftarini ndio pekee uliopata sahihi tano siku ile ile.

Lakini nakurudisha kwenye ujumbe wako. Umeandika mistari kumi na tisa, na dada zako wametajwa katika mmoja tu, ule wa kwanza. Umeeleza unavyotaka, ulivyopanga, pesa ulizonazo. Gari la urithi si lako peke yako hata kama dada zako hawajui kushika spana, na hata kama wao wenyewe wamekwambia, «Fanya unavyoona.» Kaa nao. Waulize walikuwa wakiketi wapi baba alipoliendesha, na ni nini wanachokikumbuka: harufu, mlio, au redio. Waulize kabla hujalegeza bolti moja, kwa maana kitu kikishauzwa au kukatwa hakuna daftari litakalokirudisha. Mimi nilikaribia kumpoteza mwana kwa sababu ya sentensi ya maneno manne.

Safari ya Malindi tuliipanga kwa kufuata viti. Gari lina viwili, sisi tu watano, hivyo watatu walifuata nyuma kwa Probox, na tulibadilishana Mtwapa, Kilifi na Gede. Mama alichagua kipande cha mwisho, kutoka Gede, na akataka kijana ndiye aendeshe. Mimi nilikuwa nyuma yao, nikiona kichwa chake na buibui yake kupitia kioo cha nyuma. Tulipofika Malindi nilimfungulia mlango, naye alikaa kwanza, kiganja chake kikiwa juu ya dashibodi iliyopasuka, kisha akasema, «Minazi ile ingekuwa imeshazeeka sasa.»

Jambo moja limebaki. Katika msongamano wa Mtwapa, jua likiwa limepanda, injini ilikohoa mara tatu kwa petroli iliyokuwa ikichemka katika kabureta; haikuzimika, lakini sote tuliisikia. Juma lililofuata watoto waliandika ukurasa mpya wakipendekeza kabureta ziondolewe na kuwekwa mfumo wa kielektroniki wa kupulizia petroli, na wakanakili chini yake swali letu la ukurasa wa kwanza. Wao wameshatia sahihi, na mama yao pia. Jana usiku nilikuta jina la mama, kwa herufi zake za Kiarabu, limeandikwa kwa kalamu ya bluu. Kabureta zile baba alizisawazisha kwa sikio, bila chombo chochote, na mimi nikimshikia tochi. Kalamu bado iko juu ya daftari.